Uvimbe Nao Unakula na Kupumua

*Haya ni mazungumzo ya mtaalamu wa tiba ya mionzi na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, katika siku ya afya shuleni. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukipunguza kidogo tu. Wewe ambaye hukuwepo, soma ukijua kwamba unasemeshwa wewe.*



Nimeombwa nizungumze juu ya kansa, au saratani kama tunavyoandika vitabuni. Najua wengi mkisikia neno hilo mnafikiria kifo. Leo sikuja kuwatisha. Nimekuja na jambo moja tu, nalo ni hili: mionzi inayotibu saratani ina msaidizi wake, na msaidizi huyo ni oksijeni. Seli ya saratani yenye oksijeni ya kutosha inakufa kwa mionzi. Iliyokosa oksijeni inakuwa sugu. Ukilielewa hilo vizuri, utaelewa kwa nini mgonjwa wa mionzi anapimwa damu mara kwa mara, kwa nini anakatazwa sigara, na kwa nini hatakiwi kukosa siku zake za tiba.

Na kwa nini nawaambia ninyi, wala si wazazi wenu? Kwa sababu katika nyumba nyingi ninyi ndio mnaosoma karatasi za hospitali. Mama, shangazi au bibi akirudi na kadi yake, anampa nani aisome? Anakupa wewe. Na ukimweleza vizuri, anakusikiliza.

Jiko la mkaa na mbio za mita 400

Hebu tukumbuke somo la Baiolojia. Mwili umejengwa kwa seli. Kila seli inahitaji nguvu, na nguvu hiyo inaipata kwa kuunguza sukari iitwayo glukosi. Oksijeni ikiwepo, seli inaunguza sukari hadi mwisho, kama jiko la mkaa lililowekwa penye upepo: mkaa kidogo, moto mkali, majivu meupe. Oksijeni isipokuwepo, sukari inaishia njiani. Nguvu inayopatikana ni kidogo, na kinachobaki ni asidi ya laktiki.

Wale mnaokimbia mita 400 kwenye UMISSETA mnaijua hali hiyo. Ukifika mita 300, misuli inadai oksijeni kuliko damu inavyoweza kuileta. Basi misuli inaanza kutumia njia ya mkato, laktiki inajaa, na wewe unamaliza mbio ukihema kama umefukuzwa na nyuki.

Tofauti ya mapato ni kubwa. Molekuli moja ya glukosi kwa njia ya mkato inatoa ATP 2 tu. ATP ndiyo sarafu ya nguvu ndani ya seli. Molekuli hiyohiyo ikiunguzwa kwa oksijeni inatoa ATP kama 30. (Baadhi ya vitabu bado vinaandika 36 au 38. Hiyo ni hesabu ya zamani. Kwenye mtihani mwulizeni mwalimu wenu anataka ipi!)

Sasa basi, miaka ya 1920 mwanasayansi wa Kijerumani, Otto Warburg, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichukua vipande vyembamba vya uvimbe wa saratani akapima vinakula nini. Akakuta jambo la ajabu. Vipande vile vilikuwa vinakula sukari nyingi kupita kawaida na kutoa laktiki, hata pale oksijeni ilipokuwa tele. Yaani ni kama mtu mwenye jiko zuri, upepo upo, lakini bado anaziba matundu ya jiko na kupikia moshi!

Warburg mwenyewe alidhani kwamba mashine ya kupumulia ndani ya seli hizo imeharibika. Watafiti waliomfuata waligundua kwamba seli nyingi za saratani bado zinaweza kupumua. Ulafi wao una sababu nyingine. Seli inayojigawa upesi haitaki nguvu peke yake, inataka pia malighafi ya kujengea seli mpya, na sukari iliyoachwa njiani inatoa malighafi hiyo. Mjenzi hachomi mbao zote jikoni. Nyingine anaezekea nyumba.

Ulafi huo madaktari wameugeuza kuwa faida. Kuna kipimo kiitwacho PET. Mgonjwa anachomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo, kisha anapigwa picha. Penye uvimbe mara nyingi panang'aa, kwa sababu ndipo sukari ilipokimbilia. Nairobi kipimo hicho kipo.

Mtaa usio na ramani

Wengi wenu mmeiona mitaa iliyojengwa bila mpango. Nyumba zinaota usiku na mchana. Bomba la maji linapita mbele tu, na limepinda, linavuja, pengine limezibwa na ukuta wa jirani. Wanaokaa karibu na bomba wanajaza ndoo zote. Wa katikati wanapata matone. Wa nyuma kabisa hawapati kitu.

Uvimbe wa saratani ndivyo ulivyo. Seli zinaongezeka kuliko mishipa ya damu inavyoweza kuzihudumia. Mishipa yenyewe imejengwa ovyo, mingine haina mlango wa kutokea. Na zile seli zilizo karibu na mshipa ni walafi. Oksijeni inapotoka kwenye damu, zinainywa yote kabla haijafika mbali.

Je, inafika wapi? Mwaka 1955 Thomlinson na Gray, watafiti wa Uingereza, walichunguza uvimbe wa mapafu kwa hadubini. Waliona seli hai zimejipanga pembezoni, palipo na mishipa ya damu, na katikati pamekufa. Unene wa ukingo ule ulio hai ulikuwa chini ya milimita 0.2. Kwa hesabu zao, oksijeni inasafiri kama milimita 0.15 hivi, kisha inaisha. Chukua karatasi mbili za daftari uzibane pamoja. Unene wake ni kama huo. Hiyo ndiyo safari yote ya oksijeni ndani ya uvimbe!

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye hatari. Kati ya seli zilizoshiba na seli zilizokufa kuna kundi la tatu: seli zilizo hai lakini zina njaa ya oksijeni. Hazijafa. Zimejikunyata tu, zinaishi kwa njia ya mkato, zinatoa laktiki na kungoja. Hizo ndizo zinazotusumbua sisi wenye mashine.

Mionzi inapasua, oksijeni inafunga mlango

Mionzi ya X iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895. Baada ya muda mfupi tu madaktari wakaanza kuitumia kutibu uvimbe. Mwaka 1909 daktari wa Vienna, Gottwald Schwarz, aliona kitu kidogo ambacho wengine wangekipuuza. Alipokibana kwa nguvu kifaa cha mionzi kwenye ngozi, damu ikasukumwa pembeni, ngozi ile ilidhurika kidogo kuliko ngozi ambayo haikubanwa. Mionzi ilikuwa ileile. Kilichopungua ni damu.

Jibu kamili lilichukua miaka mingi. Mwaka 1953 Gray na wenzake waliandika wazi kwamba oksijeni ndiyo inayoleta tofauti. Huyu Gray ndiye ambaye jina lake tunalitumia leo kama kipimo cha dozi ya mionzi, kama vile mita inavyopima urefu.

Inakuwaje? Mionzi ikipita ndani ya seli inapasua molekuli, hasa molekuli za maji, maana seli imejaa maji. Vinatoka vipande visivyotulia, ambavyo vinaurukia uzi wa DNA na kuuchana. Hapo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, seli ina nafasi ya kuurudisha uzi mahali pake. Lakini kama oksijeni ipo karibu, inajishika palepale penye mchano, na mchano unakuwa wa kudumu.

Chukulia shati la nailoni. Likichanika tu, fundi analishona. Lakini kingo za mchano zikishika moto na kuyeyuka, fundi atashona nini? Mionzi ndiyo inayochana. Oksijeni ndiyo inayoyeyusha kingo.

Kwa sababu hiyo, seli isiyo na oksijeni inahitaji dozi kubwa mara mbili na nusu hadi tatu ndipo ife sawa na mwenzake aliyeshiba. Na si oksijeni tu. Sehemu ya sukari ile inayoliwa kwa ulafi inatumika kutengenezea kinga iitwayo glutathioni, ambayo kazi yake ni kuvizima vile vipande visivyotulia kabla havijaifikia DNA. Watafiti wa Ujerumani walipima laktiki katika uvimbe wa shingo ya kizazi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000. Wanawake ambao uvimbe wao ulijaa laktiki, saratani yao ilirudi au kusambaa zaidi, na waliishi muda mfupi kuliko wenzao.

Mtasema, basi si muongeze dozi mara tatu? Hatuwezi. Uvimbe haukai peke yake. Saratani ya shingo ya kizazi, kwa mfano, iko kati ya kibofu cha mkojo na utumbo mkubwa. Viungo hivyo ni vizima, vina oksijeni ya kutosha, kwa hiyo vinaumia kwa mionzi upesi. Ukiongeza dozi ili umuue sugu aliyejificha, unamuua na jirani mwema.

Kwa nini siku 25?

Sasa ile karatasi ya hospitali. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi anaandikiwa, kwa kawaida, mionzi ya nje mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5. Pamoja na hiyo anapewa dawa ya dripu mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani mara chache. Watu wanauliza: kwa nini msimpige mara moja yakaisha? Nauli ni ghali, nyumbani kuna watoto, shamba linangoja.

Rudini kwenye ule mtaa wetu. Siku ya kwanza mionzi inaua wengi wa wale wanaokaa karibu na bomba, kwa sababu wana oksijeni. Wakishakufa, hawanywi tena. Maji yanasonga mbele hadi kwa wale wa nyuma. Kesho yake, wale waliokuwa sugu jana wamepata oksijeni, na kwa sababu hiyo wamekuwa dhaifu mbele ya mionzi. Tunapiga tena. Mtaa unapungua, bomba linafika mbali zaidi. Tunapiga tena. Huku nyuma, seli nzima za kibofu na utumbo zinapata usiku mmoja wa kujitengeneza. Hizo ni baadhi ya sababu kubwa za kugawa dozi.

Sasa mama amefika siku ya 10. Damu iliyokuwa ikimtoka imekata. Maumivu yamepungua. Anasema, "Mimi nimepona, narudi nyumbani nikapalilie mahindi, nitakuja mwezi ujao." Jamani! Kilichokufa ni wale wa mbele. Wale waliojikunyata nyuma sasa wameletewa chakula na hewa, na hakuna anayewapiga. Wanaanza kuzaana, tena kwa kasi kuliko mwanzo. Akirudi mwezi ujao, mtaa umejengwa upya.

Hili limepimwa. Katika saratani ya shingo ya kizazi, madaktari wanataka tiba yote, ya nje na ya ndani, iishe ndani ya wiki 8. Kila siku inayozidi hapo inapunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe kwa karibu nusu hadi asilimia 1. Wiki mbili za kupalilia, basi, zinaweza kula hata asilimia 14 ya nafasi ya mama.

Wakati mwingine kosa si la mgonjwa. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Kampala, iliharibika kabisa, na nyingine haikuanza kazi mpaka mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, ilipata mashine mpya mwaka 2018, na Bugando, Mwanza, nao wanatoa mionzi. Mashine zikiwepo, ni aibu siku zipotee kwa kukosa nauli ambayo ukoo ungeweza kuchanga.

Damu ndiyo gari

Oksijeni haitembei kwa miguu. Inabebwa na hemoglobini, ule wekundu wa damu. Mwanamke mzima anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi katika kila desilita. Mgonjwa wa shingo ya kizazi anatokwa na damu kwa miezi, halafu anafika kwetu akiwa na 8, hata 6. Magari yamepungua, na mzigo haufiki nyuma ya mtaa. Mwaka 1978 madaktari wa Toronto, Canada, walionyesha kwamba wenye upungufu wa damu walifanya vibaya zaidi kwa mionzi. Ndiyo maana daktari akiona damu iko chini ya 10 hivi, mara nyingi anaagiza mgonjwa aongezewe.

Na damu hiyo inatoka wapi? Haiuzwi dukani. Inatoka kwa watu kama ninyi, mkishafika miaka 18 na kwenda kuchangia Damu Salama.

Halafu sigara. Moshi wa sigara una hewa ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hewa hiyo inaing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Gari lipo, lakini kiti kimekaliwa na abiria asiyelipa nauli. Mwaka 1993 madaktari wa Canada waliandika kuhusu wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo waliotibiwa kwa mionzi. Kati ya walioendelea kuvuta, uvimbe uliyeyuka kabisa kwa asilimia 45. Kati ya wasiovuta au walioacha, asilimia 74. Kwa hiyo ukimwona baba anajificha nyuma ya wodi na kipisi, mwambie kwa adabu: "Baba, hapo unailinda kansa."

Maswali yenu

Nimesoma vikaratasi mlivyoandika. Muda ni mdogo, nitajibu vitano.

*"Kama kansa inakula sukari, si tumnyime mgonjwa sukari na ugali ife njaa?"*

Swali zuri, na ndilo linaloharibu watu wengi. Hapana! Mwili haukubali sukari ya damu iishe. Usipokula, ini linatoa akiba yake, ikiisha linatengeneza sukari kutokana na misuli yako. Uvimbe utapata chakula chake, na mgonjwa atabaki mifupa. Mgonjwa aliyekonda na kuishiwa nguvu hamalizi siku zake 25. Mpe ugali, maharage, mayai, dagaa, mboga za majani na matunda. Kama ana kisukari, afuate maelekezo ya daktari wake.

*"Kwa nini asivute oksijeni ya mtungi wakati wa mionzi?"*

Umefikiri kama mtafiti. Lakini kwa mtu mwenye mapafu mazima hemoglobini huwa imeshajaa oksijeni karibu yote, kwa hiyo mtungi wa kawaida unaongeza kidogo. Huko London, tangu mwaka 1955, waliwaweka wagonjwa ndani ya chumba cha oksijeni yenye mgandamizo mkubwa. Baadhi ya wagonjwa walifaidika, lakini kazi ilikuwa ngumu na ya hatari, ikaachwa na wengi.

*"Je, kuna dawa ya kufanya kazi ya oksijeni?"*

Ipo moja inayotumika Denmark, inaitwa nimorazoli. Ni ndugu wa metronidazoli, ile mnayoijua kwa jina la Flagyl. Inaingia kule nyuma ya mtaa na kuyeyusha kingo mahali pa oksijeni. Mwaka 1998 Wadenmark walichapisha matokeo ya wagonjwa wa saratani ya koo. Walioipata pamoja na mionzi, asilimia 49 uvimbe wao ulidhibitiwa. Wasioipata, asilimia 33. Lakini Waingereza walipoijaribu kwa wagonjwa wengine, matokeo hayakuonyesha faida. Kwa hiyo msikimbilie duka la dawa kumnunulia bibi Flagyl! Si dawa hiyo, si dozi hiyo, na si ugonjwa huo.

Wengine waliwaza kinyume: badala ya kuleta oksijeni zaidi, tupunguze ulaji. Dawa ya kisukari, metformini, inazifanya seli zitumie oksijeni kidogo. Maabara ilionyesha matumaini. Lakini majaribio mawili kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, yaliyochapishwa mwaka 2021, hayakuleta faida, na katika moja walioinywa walifanya vibaya zaidi. Hata sindano za kuongeza hemoglobini zilijaribiwa Ujerumani na nchi jirani. Mwaka 2003 ikaonekana damu ilipanda kweli, lakini saratani ilidhibitiwa vibaya zaidi. Mnaona? Wazo zuri si dawa mpaka lipimwe kwa watu.

*"Mama akitoka kwenye mashine, ana mionzi mwilini? Tunaweza kula naye?"*

Mionzi ya nje ni kama taa. Ukiizima, mwanga umekwisha. Hata ile ya ndani, kwa jinsi inavyotolewa kwa shingo ya kizazi, chanzo chake kinatolewa kabla mama hajaondoka. Kuleni naye, mkumbatieni, mlaleni chumba kimoja. Mama anayetengwa na wanawe ndiye anayekata tamaa na kuacha tiba.

*"Tunaweza kujikinga?"*

Kwa saratani ya shingo ya kizazi, ndiyo. Karibu zote zinasababishwa na virusi vya HPV, na chanjo ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawafikia wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Wewe mwenye mdogo wako wa kike darasa la nne, mwulize mama kama amechanjwa. Na mama mwenyewe aende kupimwa shingo ya kizazi kabla hajaona dalili. Uvimbe mdogo haujapata nafasi ya kujenga mtaa wa nyuma. Unafika na hewa yako mkononi, mionzi inaukuta wote uko wazi.

Ukirudi nyumbani

Nikiwaacha na mambo machache ya kufanya, ni haya. Kama kuna mgonjwa wa mionzi katika ukoo wenu, chukua kalenda, weka alama siku zote 25, na kila jioni mfute pamoja siku iliyopita. Mwulize hemoglobini yake ilikuwa ngapi wiki hii. Mkumbushe kwamba damu kukata si kupona. Kama anakosa nauli, usinyamaze. Mwambie baba mdogo, mwambie mjomba, mwambie mwalimu, nendeni kanisani au msikitini. Na akikosa siku moja kwa sababu yoyote, asione haya kurudi. Arudi kesho yake na aseme ukweli, maana daktari anaweza kuipanga upya ratiba ili siku ile isipotee bure.

Hayo mnayoweza kuyafanya hayahitaji digrii. Yanahitaji mtu mmoja nyumbani anayejua kwa nini.

Walio na maswali zaidi, nitakuwa hapo nje chini ya mwembe mpaka kengele ya chakula ilie.